Kabla ya Kununua Spika, Piga Kofi Moja

Simu zinazonijia huanza kwa namna ileile. "Fundi, tunataka spika kubwa zaidi, watu wa nyuma hawasikii." Namuuliza: "Mzee, hawasikii, au wanasikia ila hawaelewi?" Kimya kidogo. "Sasa hapo umenena. Kelele wanaipata yote. Maneno ndiyo hawayapati."

Kama shida yako ni hiyo, rudisha fedha mfukoni kwanza. Nafunga mitambo ya sauti Morogoro na vitongoji vyake: makanisa, kumbi za harusi, madarasa. Mara nyingi nikifika nakuta mashine ni nzima kabisa, mgonjwa ni chumba. Ukiongeza spika kubwa ndani ya chumba kibovu, umekiongezea chumba nguvu za kukuharibia: sauti inayotoka moja kwa moja kwenye spika inapanda, na ile inayorudi kutoka ukutani inapanda kwa kiasi kilekile. Msikilizaji wa nyuma anabaki palepale, ila sasa na kichwa kinamuuma.

Nitaeleza kazi hii kwa kutumia ukumbi mmoja wa kanisa nilioutengeneza Kihonda. Jina silitaji, kwa sababu lipo jambo lililotokea humo ambalo wenyewe bado wanataniana nalo. Jumapili moja katibu alisimama na maiki akatangaza kwamba wenye magari wapaki nyuma ya jengo. Ibada ikaisha, watu wakatoka, na wenye magari kama kumi hivi wakabaki wameketi vitini, wametulia. Wanasubiri kikao. Wao walisikia "wabaki nyuma".

Usiwacheke. Kiswahili kinajaa irabu, na irabu ndiyo yenye nguvu na urefu. Konsonanti ni kitu cha kufumba na kufumbua. Tofauti ya "p" na "b" ni mtetemo mdogo tu wa koo. Chumba kikishika sauti, ile "a" ya "wa-" inakuwa bado inazunguka kutani wakati "p" inafika, inaifunika, na sikio linabaki kukisia. Paka, taka, kaka: katika ukumbi unaovuma yote ni "-aka" tu.

Kwa hiyo tuanze na kofi.

Ingia ukumbini ukiwa mtupu, usiku au alfajiri, feni zimezimwa. Simama katikati, piga kofi moja kali, kisha nyamaza. Kuna mambo matatu ya kusikiliza, na ni vizuri uyatenganishe maana dawa zake hazifanani. La kwanza ni mvumo: sauti inabaki inaning'inia hewani na kufifia polepole kama kengele. La pili ni mwangwi wenyewe: kofi lako linarudi kama kofi la pili, kana kwamba kuna mtu nyuma anakujibu. La tatu ni mtetemo wa haraka, "tr-r-r-r", kama ulimi unavyotetemeka kwenye "r". Huo unatokea pale kuta mbili zilizo tupu zinapotazamana na kurushiana sauti kama watoto wanaodakishana mpira. Tembea. Piga kofi mbele madhabahuni, piga kwenye viti vya nyuma, piga pembeni karibu na ukuta. Kila sehemu itakuambia habari yake. Rekodi kwa simu ili uwe na cha kulinganisha baadaye. Mimi huwa natumia puto, napasua kwa sindano, maana kofi la leo na la mwezi ujao halitakuwa na nguvu sawa.

Pale Kihonda puto lilivuma kama sekunde nne. Mbele, karibu na mimbari, kulikuwa na mwangwi wa wazi kutoka ukuta wa nyuma.

Mwangwi huo unapigiwa hesabu kirahisi. Katika joto letu sauti inakwenda karibu mita 345 kwa sekunde. Ukumbi una urefu wa mita 18, kwa hiyo kwenda na kurudi ni mita 36, na sauti ya mhubiri inamrudia baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sikio la binadamu linasamehe ucheleweshaji mdogo: sauti ya pili ikifika ndani ya milisekunde 30 hivi (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), sikio linaiunganisha na ya kwanza na hata kuona imeongezewa nguvu. Ikipita milisekunde 50, kwa maneno, inaanza kusikika kama mtu mwingine. Milisekunde 50 ni mwendo wa mita 17 hivi kwenda na kurudi. Ndiyo kusema ukuta ulio mbali zaidi ya mita nane na nusu, ukiwa mgumu na mtupu, umweke kwenye orodha ya washukiwa.

Mvumo unahitaji hesabu nyingine, na hii tumepewa na Mmarekani mmoja, Wallace Clement Sabine. Mwaka 1895 alikuwa mwalimu kijana wa fizikia pale Chuo Kikuu cha Harvard, akapewa kazi ambayo nadhani wakubwa waliikimbia: ukumbi wa mihadhara wa jumba jipya la Fogg ulikuwa hausikiki. Neno lilikaa hewani zaidi ya sekunde tano. Sabine hakuwa na simu wala programu. Alikuwa na bomba la kinanda, saa ya kupimia na masikio yake. Usiku, mji ukishalala, yeye na vijana wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa Sanders, wakaipanga ndani ya Fogg, akapima mvumo unafupika kwa kiasi gani, wakaongeza mito, akapima tena. Kabla ya asubuhi mito irudi ilikotoka. Kazi hiyo ilichukua miaka. Ukumbi wa muziki wa Symphony wa Boston, uliofunguliwa 1900, ulijengwa kwa kufuata hesabu zake, na mpaka leo unasifiwa.

Alichogundua ni hiki: muda wa mvumo, kwa sekunde, ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, gawa kwa unyonyaji wote uliomo ndani. Na unyonyaji alikuwa na njia ya kuupima ambayo hata bibi yangu angeielewa: dirisha lililo wazi. Sauti ikipita dirishani hairudi. Kwa hiyo mita moja ya mraba ya dirisha lililo wazi ni unyonyaji mmoja kamili, na kila kitu kingine kinalinganishwa na hilo. Ukuta wa plasta uliopakwa rangi unanyonya kidogo mno, labda sehemu tatu katika mia. Vigae vya sakafuni ndivyo vibaya zaidi, sehemu moja au mbili katika mia. Mtu mmoja aliyevaa nguo zake za kanisani, aliyeketi, ni karibu nusu ya mita ya mraba ya dirisha. Mimi hutumia 0.45.

Sasa ukumbi wetu: mita 18 kwa 10, kimo mita 4. Ujazo ni 720. Mara 0.161 tunapata 116. Sakafu, dari na kuta nne jumla ni mita za mraba 584. Vigae, plasta, dari ya jipsamu, milango na madirisha yaliyofungwa, nikavipa wastani wa sehemu tano katika mia, nikapata unyonyaji 29. Gawa 116 kwa 29: sekunde 4. Puto halikusema uongo.

Wakiingia watu 150 Jumapili, wanaleta kama 67. Jumla 96, na mvumo unashuka hadi sekunde 1.2. Hapo maneno yanasikika. Katikati ya wiki wanakuja watu 40 kwenye maombi, wanaleta 18, jumla 47, na mvumo ni sekunde 2 na nusu. Ndiyo maana malalamiko yote ya kanisa lile yalikuwa ya siku za wiki, na siku za wiki ndipo katibu anapotangaza mambo mengi. (Ile Jumapili ya magari ilikuwa ya mvua, wamekuja wachache.) Na ndiyo maana fundi akipanga mitambo Ijumaa ukumbi mtupu, akarekebisha kila kitu kikamkaa vizuri, Jumapili anashangaa imekuwa nyingine. Watu ndio godoro lako kubwa kuliko yote.

Unataka sekunde ngapi? Inategemea mnafanya nini humo. Kwa hotuba, sekunde moja ni raha. Kwa kwaya, moja na nusu au hata mbili ndiyo utamu. Nenda kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa: kuta nene za mawe, juu tao refu. Wimbo wa taratibu humo unasimamisha nywele. Anayesoma tangazo inabidi akate maneno mojamoja na asubiri. Upande wa pili, kaa chini ya banda la makuti ufukweni, pande zote wazi: maneno yako safi kabisa, lakini kwaya inasikika kavu kama muhogo wa jana. Kihonda tulikubaliana sekunde 1 na nusu kwa watu 40. Hapo unyonyaji unaotakiwa ni 77. Tunao 47. Tunadaiwa 30.

Kabla ya kununua chochote, fungua madirisha. Nasema kweli. Ukipata mita za mraba 10 zilizo wazi kabisa, umelipa theluthi ya deni bila senti. Tatizo ni bodaboda na jirani, na pale barabara ilikuwa karibu mno.

Tukatengeneza fremu. Mbao za mbili kwa mbili, urefu mita 2.4, upana mita 1.2. Nyuma kuna wavu wa kuku, ndani kuna nyuzi za makumbi ya nazi, zilezile ambazo mafundi wa sofa hujazia, zimechambuliwa na kuanikwa juani siku mbili ili wadudu waage. Zijae mpaka kwenye kingo, lakini usishindilie. Sauti inataka matundu madogo ya kupita na kuchoka humo, ikisugua hewa kwenye nyuzi mpaka nguvu yake igeuke joto dogo lisilohisika. Mwenye fedha atafute sufi ya mawe, ile ya kufungia maboila na majokofu makubwa. Hiyo haishiki moto na inanyonya vizuri zaidi. Vaa glovu na barakoa unapoikata, maana inawasha. Ukitumia makumbi, fremu zikae mbali na soketi, nyaya na mishumaa.

Mbele unavalisha kitambaa. Kina mama wa kanisa walichagua kitenge, na walichagua vizuri kuliko ambavyo ningechagua mimi. Kitambaa chochote kinafaa kikipita mtihani huu: kiweke mdomoni, puliza. Pumzi ikipita, sauti inapita. Turubai la plastiki halipiti. Na asije mtu baadaye akapaka fremu rangi ya mafuta ili zifanane na ukuta. Nimewahi kuona, na ni sawa na kuziba pua ya mgonjwa.

Fremu moja ni mita za mraba 2.88. Kwa nyuzi za unene wa sentimita 5 mimi huhesabu unyonyaji sehemu saba katika kumi, nisijidanganye. Fremu 15 zinatoa 30. Deni limekwisha.

Usizigandishe ukutani. Acha nafasi ya sentimita 5 nyuma kwa kutumia vipande vya mbao. Sababu yake inafurahisha: pale sauti inapogonga ukuta, hewa iliyogusana nao haiwezi kusogea, imebanwa, na nyuzi zinafanya kazi pale tu hewa inaposogea kati yao. Hewa inasogea zaidi kadiri unavyoachana na ukuta, na inafika kileleni kwenye umbali wa robo ya urefu wa wimbi. Wimbi la hezi 1000, yaani mitetemo elfu moja kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 34 na nusu, robo yake ni kama sentimita 9, kwa hiyo fremu yenye nafasi nyuma inalidaka vizuri. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa karibu mita tatu na nusu. Robo yake ni sentimita 86. Ndiyo maana mapazia na mazulia hayaiwezi besi hata kidogo, na ndiyo maana mtu akiniambia amebandika trei za mayai chumba kizima na sasa ana studio, naguna tu. Trei ni karatasi nyembamba. Inapunguza kidogo sauti nyembamba za juu, inaiacha besi ikitamba, halafu ni kuni inayosubiri cheche. Sponji la godoro linafanya kazi kuliko trei, lakini likishika moto linatoa moshi wa sumu. Ukumbini mwa watu siliweki.

Zitundike wapi? Anza ukuta wa nyuma, kwa sababu ya ule mwangwi: sita zilikwenda huko. Tisa zilizobaki tulizigawa kuta za pembeni kwa kupishanisha, fremu upande huu itazame ukuta mtupu upande ule. Hivyo sauti haina mahali pa kudakishana, na "tr-r-r" inakufa. Usizipeleke zote juu karibu na dari kwa kuogopa watoto. Zianzie kimo cha mtu aliyeketi.

Ukuta wa mbele nyuma ya mhubiri tuliuacha mgumu. Sauti inayogonga pale inarudi haraka mno kiasi kwamba sikio linaiunganisha, inamsaidia. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo kwa njia yao: imamu anaposwali ameelekea kibla, amewapa watu mgongo, na kibla cha msikiti kilichochimbwa ukutani kinampokea sauti na kuirudisha kwa waumini. Kizimkazi kuna kibla chenye maandishi ya mwaka 1107.

Sasa ndipo tunagusa mitambo, na hapa nitakwenda mbio.

Spika zisikae kwenye kona, kona inavimbisha besi. Zipandishe juu kidogo ya vichwa, ziinamishe ziwatazame watu, zisitazame ukuta wa nyuma. Watu wananyonya, ukuta unarudisha; mpe sauti anayeihitaji. Maiki ikae nyuma ya spika, kamwe isiwe mbele yake, la sivyo inajisikia yenyewe na kuanza kupiga mluzi. Maiki iwe karibu na mdomo: kutoka sentimita 10 kwenda 20, unapoteza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kuzirudisha kwa ampilifaya kunataka nguvu mara nne. Wachungaji wengi hushika maiki tumboni kisha humlaumu kijana wa mikisa. Kwenye mikisa, bonyeza kitufe cha kukata chini ya hezi 80 au 100 kwa kila maiki ya mtu anayeongea. Hakuna neno linaloishi huko chini, kuna ngurumo tu.

Ukumbi ukiwa mrefu, badala ya spika kubwa mbele, ongeza jozi ndogo katikati, na uzicheleweshe. Za kwetu zilikaa mita 9 kutoka zile za mbele: 9 gawa kwa 345 ni milisekunde 26. Ongeza kama 10, weka 36. Mwanasayansi Mjerumani, Helmut Haas, alionyesha mwaka 1949 kwamba sikio linamwamini anayefika kwanza. Sauti ya mbele ikitangulia kidogo, mtu wa nyuma anasikia vizuri huku akiona kama maneno yanatoka kwa mhubiri mwenyewe, si kwenye kiboksi kilicho juu ya kichwa chake. Usipochelewesha, sauti inaonekana kutoka dirishani.

Jambo moja ambalo watu hulichanganya, na nimegombana na wateja kwa ajili yake: fremu hizi hazizuii sauti kwenda nje. Zinanyonya kilichomo ndani. Jirani analalamika palepale. Kuzuia sauti kunataka uzito na kuziba mianya: tofali lililojazwa, mlango mzito, mpira kwenye kingo za dirisha. Na mvua juu ya bati hata mimi nimeshindwa. Mvua ikianza tunaimba.

Siku ya kupima tena, puto tupu lilivuma sekunde 2 hivi, kama hesabu ilivyosema: 116 gawa kwa 59. Katibu akaomba maiki. Akatangaza, "Wenye magari wapaki nyuma," akanyamaza akitutazama, na kina mama waliokuwa wanafagia wakaangua kicheko.

Kwa anayetaka kurekodi nyumbani, chumba cha kupanga, sheria ni zilezile ila besi ndiyo adui. Chumba cha mita 3 kwa 3 na kimo cha 3 ni kibaya kuliko vyote: kuta, sakafu na dari zote zinakubaliana kuvimbisha hezi 57 na nusu, na noti hiyo itakuandama kila wimbo. Kama una hiari, chagua chumba ambacho pande zake hazilingani. Ukae mbali na katikati kabisa ya chumba. Fungua kabati la nguo mbele yako, simamisha godoro nyuma ya mgongo wako, weka maiki kati ya hivyo viwili, kama kiganja kimoja kutoka mdomoni. Rekodi usiku, friji limezimwa. Halafu lirudishe godoro kitandani kabla mwenzako hajataka kulala. Mimi niliwahi kusahau mara moja, tukalala kwenye mkeka.